Maumivu ya chembe cha moyo yanayorudi kila mara: hatua kwa hatua hadi yakome

Mtu anaingia duka la dawa, anaweka kiganja chini kidogo ya kifua na kusema, "Nipe zile za kutafuna." Anapewa vidonge vya magnesiamu, anatafuna viwili hapo hapo, anapata nafuu na kuondoka. Siku kumi hazijapita amerudi, safari hii anataka omeprazoli, dawa inayozuia tumbo kutoa asidi. Mwezi unaofuata anakuja na jina la antibayotiki alilotumiwa na shemeji yake kwenye simu. Nimekaa nyuma ya kaunta miaka mingi, na watu wa namna hii nimewahudumia wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Inaniuma, kwa sababu wengi wao wangepona ndani ya wiki chache.

Wanakwama mahali pale pale. Wanatuliza maumivu kabla ya kujua yanatoka wapi, wanapima wakati ambao kipimo hakiwezi kusema kweli, na wanaacha dawa siku ya tano kwa kuwa wamepata unafuu. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kinyume chake.

Ni kwa mtu mzima ambaye sehemu ya juu ya tumbo, kati ya kitovu na mbavu, inamuuma au kumchoma kwa vipindi. Mtoto mdogo na mama mjamzito wasipitie hatua hizi nyumbani, waende kituo cha afya moja kwa moja.

## Andaa hivi kabla ya kuanza

- Daftari dogo na kalamu. Simu pia inafaa, ila daftari la kando ya kitanda hujazwa hata saa nane usiku.
- Dawa zote unazotumia, zikiwa kwenye mfuko mmoja: za mgongo, za viungo, za presha, mitishamba, na chai za kupunguza tumbo. Usichague cha kuleta na cha kuacha.
- Parasetamoli, kwa ajili ya maumivu mengine ya mwili.
- Vidonge au dawa ya maji ya kupunguza makali ya asidi, ile ya kutafuna au ya kutikisa chupa.
- Kengele ya simu.
- Fedha ya kipimo na ya dozi nzima ya siku 14. Kama ya dozi nzima haijatimia, subiri itimie. Nusu dozi ni mbaya kuliko kutokuanza, na sababu yake utaiona kwenye hatua ya 6.

## Hatua ya 1: Hakikisha si dharura

Usiruke hapa hata kama umeumwa hivi kwa miaka. Nenda hospitali leo hii, usisubiri kesho, ukiona mojawapo ya haya:

- Unatapika damu, au matapishi yana chenga nyeusi kama masimbi ya kahawa.
- Choo ni cheusi, kinanata kama lami na kina harufu kali isiyo ya kawaida. Hiyo ni damu iliyomeng'enywa. (Vidonge vya madini ya chuma navyo hugeuza choo kuwa cheusi, lakini hakinati hivyo. Ukiwa na shaka, nenda.)
- Tumbo limekuwa gumu kama ubao na huwezi hata kuguswa. Huenda kidonda cha tumbo kimetoboa.
- Maumivu yalianza kitovuni, sasa yamehamia chini upande wa kulia, na hamu ya kula imekwisha. Fikiria kidole tumbo.
- Ni mwanamke, hedhi imechelewa, na maumivu makali ya ghafla yako chini ya tumbo upande mmoja, pamoja na kizunguzungu. Huenda ni mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi, na hiyo haingoji usafiri wa asubuhi.
- Maumivu ya chembe yanakuja na jasho jembamba, pumzi kubana, au kuvuta kuelekea taya na mkono. Moyo unaposhikwa, mtu mara nyingi hudhani ni gesi. Watu wa umri mkubwa na wenye kisukari wawe makini zaidi.

Zipo pia dalili ambazo si za leo usiku, ila zinakutaka umwone daktari ndani ya siku chache bila kujaribu dawa yoyote kwanza: kukonda bila sababu, chakula kukwama wakati wa kumeza, kutapika kila siku, kuishiwa damu, au maumivu haya kuanza kwa mara ya kwanza ukiwa umepita miaka 50.

Utajua umefaulu ukisoma orodha yote na kujibu "hapana" kwa kila mstari. Hapo endelea.

## Hatua ya 2: Onyesha kwa kidole kimoja

Lugha yetu ina maneno mengi ya tumbo, na mengine yanaficha zaidi ya yanavyoonyesha. Chango, ngiri, mchafuko, gesi: watu wawili wanaotumia neno moja wanaweza kuwa na magonjwa mawili tofauti kabisa. Kwa hiyo acha jina. Lala chali, kunja magoti, onyesha kwa kidole kimoja mahali panapouma zaidi.

Katikati, chini ya kifua. Tumbo lenyewe na mwanzo wa utumbo mwembamba. Hapa ndipo vidonda na asidi hujionyesha, na ndipo sehemu kubwa ya mwongozo huu inapoelekea.

Juu kulia, chini ya mbavu. Maumivu yanayokuja baada ya mlo wenye mafuta mengi, pilau ya harusini au viazi vya kukaanga, yakakaa nusu saa hadi saa kadhaa na kupanda bega la kulia au mgongoni, ni alama ya vijiwe kwenye kifuko cha nyongo. Omeprazoli haina kazi hapo. Omba kupigwa picha ya ultrasaundi.

Ubavuni, yakishuka kuelekea kinena. Yanakuja kwa mawimbi, huwezi kutulia sehemu moja. Huenda ni jiwe la figo.

Chini ya kitovu, yakipungua baada ya kwenda haja. Utumbo mpana. Mara nyingi ni kufunga choo, au utumbo ulio mwepesi kukasirika. Kunywa maji zaidi, badilisha ugali wa sembe uwe wa dona, ongeza maharage, mboga za majani na mapapai. Ukiona damu kwenye choo, peleka choo maabara. Kama unaoga au kuvua kando ya Ziwa Victoria, mwambie mpimaji, maana kichocho cha utumbo kipo huko na dawa yake ni nyingine.

Tumbo zima, pamoja na kuhara. Hapo cha kwanza ni maji ya chumvi na sukari. Kama huna pakiti ya ORS: maji safi lita 1, sukari vijiko 6 vya chai vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai. Usizidishe chumvi.

Neno moja kuhusu taifodi. Wengi wanaoumwa tumbo hutoka maabara na karatasi ya kipimo cha Widal inayosema wana taifodi, hata kama hawana homa. Kipimo hicho huchanganya kwa urahisi maambukizi ya zamani na mengine yasiyohusika. Taifodi ya kweli huja na homa inayopanda siku baada ya siku. Huna homa, una maumivu ya chembe tu? Uliza swali kabla ya kukubali sindano.

Utajua umefaulu ukiweza kumweleza daktari mahali, bila kutaja jina la ugonjwa hata moja.

## Hatua ya 3: Andika siku 7

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiona ya kitoto, na ndiyo inayookoa fedha nyingi. Kila maumivu yanapokuja andika: saa ngapi, ulikula nini na lini, ulimeza nini, na kilichoyatuliza ni nini. Mistari miwili inatosha.

Baada ya wiki, soma ukurasa wote kwa mara moja.

Maumivu yanayokuja saa mbili au tatu baada ya kula, yanayokuamsha kati ya saa saba na saa tisa usiku, na kupoa ukila kipande cha mkate, yanaelekeza kwenye kidonda cha mwanzo wa utumbo mwembamba. Asidi inapokosa chakula, inakuta kidonda kiko wazi. Yakija mara tu unapokula, huenda kidonda kiko ndani ya tumbo lenyewe. Hii si sheria ya kukata, ni mwelekeo.

Moto unaopanda kifuani hadi kooni, hasa ukilala au ukiinama kufagia, ni kiungulia. Kwa huyu tiba inaanza na kitanda: kula mlo wa mwisho muda wa saa 3 kabla ya kulala, na inua miguu ya kitanda upande wa kichwa kwa tofali. Mto wa pili hausaidii, kwa sababu unakunja tumbo.

Kujaa na kunguruma muda mfupi baada ya chai ya maziwa kunaonyesha maziwa hayameng'enywi. Watu wazima wengi kwetu wana hali hiyo. Acha maziwa wiki 2 uone.

Wapo watakaosema, "Lakini maziwa ndiyo yanayonituliza." Ni kweli, kwa nusu saa. Kisha protini na kalsiamu iliyomo huchochea tumbo kutoa asidi zaidi, na saa nane usiku unaamka tena kutafuta bilauri nyingine.

Onyo: usiandike kile unachodhani kinatakiwa kuandikwa. Kama ulikunywa pombe, ulitafuna miraa, au ulikula udongo wa pemba, andika. Daftari ni lako.

Utajua umefaulu ukiona mpangilio mmoja unaojirudia angalau mara tatu.

## Hatua ya 4: Ondoa kinachochoma

Fungua ule mfuko wa dawa. Tafuta diklofenaki, ibuprofeni, aspirini, meloksikamu, piroksikamu, indomethasini. Hizi ndizo dawa za mgongo, magoti, jino na kichwa ambazo kila nyumba inazo. Hupunguza uvimbe kwa kuzuia kemikali fulani mwilini, na kemikali hizo hizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo. Ukizimeza siku baada ya siku, ukuta unabaki bila kinga. Sindano ya diklofenaki nayo si salama, kwa sababu dawa inafika tumboni kupitia damu.

Nimeona bibi mmoja ametibiwa vidonda mara tatu huku akimeza diklofenaki ya magoti asubuhi na jioni. Hakuna aliyemuuliza kuhusu magoti, naye hakuona uhusiano wowote. Mpaka leo, swali langu la kwanza kwa mwenye chembe ni hili: "Mgongo au magoti unayatibu na nini?"

Badilisha na parasetamoli: vidonge 2 vya miligramu 500 kwa wakati mmoja, visizidi 8 kwa siku. Mwenye ugonjwa wa ini au mnywaji wa kila siku apunguze, kwa ushauri wa mtaalamu. Na kama aspirini uliandikiwa na daktari kwa ajili ya moyo au kiharusi, usiiache mwenyewe. Rudi kwake umweleze kuhusu tumbo.

Sigara huchelewesha kidonda kupona, na pombe huchoma. Pilipili haisababishi vidonda, ingawa inaweza kuwasha palipo na kidonda, basi iache mpaka upone. Huhitaji kula uji mweupe miezi sita. Kula chakula chako cha kawaida, kidogo kidogo, bila kukaa na njaa kutwa nzima.

Na usiku wa leo, maumivu yakikubana? Tafuna vidonge 2 vya magnesiamu au meza dawa ya maji ya asidi, kaa wima, kunywa maji ya vuguvugu kidogo kidogo. Tangawizi inasaidia kichefuchefu. Mshubiri sikushauri: maji yake ya manjano yanakoroga utumbo na kuharisha, na kwa mjamzito ni hatari. Dawa ya kutafuna haina ubaya kwa usiku mmoja mmoja. Ubaya uko kwenye kuifanya tiba.

Utajua umefaulu maumivu yakipungua ndani ya wiki 2 hadi 4 baada ya kuacha dawa hizo. Yakiisha kabisa, huenda umefika mwisho wa safari. Yakibaki, nenda hatua ya 5.

## Hatua ya 5: Pima, na upime wakati sahihi

Unachotafuta ni bakteria anayeitwa H. pylori. Ndivyo utakavyomwona kwenye karatasi ya maabara. Anaishi kwenye ute wa tumbo, watu wengi humpata utotoni ndani ya familia, na pamoja na zile dawa za maumivu ndiye chanzo kikubwa cha vidonda. Msongo wa mawazo unaweza kuzidisha maumivu, lakini kwa wengi hausababishi kidonda peke yake.

Kuna vipimo vya aina tatu utakavyosikia.

Cha damu ni rahisi na kipo karibu kila mahali. Kinatafuta kinga ambayo mwili ulitengeneza dhidi ya bakteria, na kinga hiyo hubaki miezi hata miaka baada ya bakteria kufa. Mtu aliyepona mwaka jana anaweza kuonekana bado anaumwa, akapewa dawa tena bure. Ukiwa na uchaguzi, usikichague.

Cha choo kinamtafuta bakteria mwenyewe. Hiki ndicho ninachokipendekeza kwa wengi. Waambie maabara waziwazi: "Nataka cha choo, si cha damu."

Cha pumzi ni kizuri sawa na hicho, ila kinapatikana sehemu chache.

Sasa onyo lenye uzito kuliko yote katika ukurasa huu. Omeprazoli na ndugu zake, esomeprazoli na pantoprazoli, humnyong'onyeza bakteria bila kumuua, na kipimo kinatoka hasi wakati yupo. Acha dawa hizo wiki 2 kamili kabla ya kipimo. Antibayotiki yoyote, hata ya koo au ya mkojo, acha ipite wiki 4. Katika muda huo tumia dawa ya kutafuna kujisaidia. Isipokuwa kama umewahi kutoka damu tumboni: wewe usiache omeprazoli bila daktari kukuambia.

Kama una dalili yoyote ya ile orodha ya pili kwenye hatua ya 1, kipimo cha choo hakitoshi. Unahitaji kamera, mpira mwembamba unaopitishwa mdomoni hadi tumboni. Hospitali za rufaa kama Muhimbili, KCMC na Bugando hufanya. Utaambiwa ukae bila kula kwa saa kadhaa, na koo litapuliziwa ganzi. Inasumbua dakika chache, haiumi kama watu wanavyosimulia, na ndiyo njia pekee ya kukiona kidonda kwa macho.

Utajua umefaulu ukiwa na karatasi yenye aina ya kipimo, tarehe, na jibu. Itunze. Jibu likiwa chanya halimaanishi lazima una kidonda, maana wengi hubeba bakteria huyu bila kuumwa. Linamaanisha sasa kuna kitu cha kutibu.

## Hatua ya 6: Siku 14, dozi zote

Dawa hizi huandikwa na daktari. Ninaeleza ili uelewe unachopewa, si ili ukanunue mwenyewe. Mpango wa kawaida ni omeprazoli miligramu 20, amoksilini gramu 1 na klarithromaisini miligramu 500, zote mara 2 kwa siku. Mwenye mzio wa penisilini asiguse amoksilini, amwambie daktari kabla. Mahali ambapo klarithromaisini imezoeleka na bakteria, hutumika mpango wa dawa nne wenye omeprazoli, bismathi, tetrasaiklini na metronidazoli.

Omeprazoli imezwe nusu saa kabla ya chai ya asubuhi na kabla ya mlo wa jioni, kwa sababu inazima mitambo ya asidi pale inapoanza kuamshwa na chakula. Antibayotiki zimezwe na chakula, tumbo lisikoroge. Weka kengele mbili: saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni.

Tarajia mdomo kuwa na ladha ya chuma, na choo kuwa laini. Bismathi hugeuza choo na ulimi kuwa vyeusi, usiogope. Ukiwa na metronidazoli, usionje pombe hadi siku 3 baada ya dozi. Dawa za kutafuna zitenganishwe na antibayotiki kwa saa 2, hasa tetrasaiklini, kwa sababu hunasana nazo na hazifyonzwi.

Siku ya nne au ya tano maumivu yatapungua sana. Hapo ndipo ninapowapoteza wengi. Kilichowatuliza ni omeprazoli, huku bakteria bado wapo, na wanaobaki ni wale walioonja dawa bila kufa. Wakizaliana, dozi ile ile haitawagusa tena, na itabidi utafute dawa nyingine ghali zaidi. Weka alama daftarini kila unapomeza: alama 28 kwa kila dawa inayomezwa mara mbili.

Onyo: vipele mwili mzima, midomo kuvimba au pumzi kubana, acha dawa na uende hospitali mara moja.

Utajua umefaulu pakiti zikiisha siku ile ile, zote, na alama zote zikiwa zimejaa.

## Hatua ya 7: Rudi upime

Karibu kila mtu huruka hatua hii. Hesabu wiki 4 tangu kidonge cha mwisho cha antibayotiki, huku ukiwa umeacha omeprazoli kwa wiki 2 za mwisho. Peleka choo. Usikubali kipimo cha damu safari hii, kwa sababu kitasema chanya hata kama umepona.

Jibu likiwa chanya, usirudie dozi ile ile. Mwonyeshe daktari karatasi na majina ya dawa ulizotumia ili achague mpango tofauti. Mwenzi wako au mtoto mkubwa mwenye dalili kama zako naye apimwe.

Jibu likiwa hasi na bado unaumwa, chanzo ni kingine. Rudi na daftari lako, na sasa omba ultrasaundi au kamera.

Jibu likiwa hasi na huumwi, limebaki jambo moja linalowarudisha watu kaunta kwa hofu. Ukiacha omeprazoli baada ya kuitumia wiki nyingi, tumbo hutoa asidi kwa wingi kuliko kawaida kwa muda, na chembe kinaweza kuchoma tena kwa wiki moja au mbili. Kidonda hakijarudi. Tumia dawa ya kutafuna siku hizo, kula mapema jioni, na uendelee kuandika daftarini mpaka upite wiki mbili mfululizo bila mstari mpya.